Mshono wa Kwanza

Viatu vilikuwa juu ya meza ya kazi, na kufuli la duka halikuwa limeguswa.

Binti wa Fundi Kisigino alivitazama kwa jicho la ufundi kabla ya kuvitazama kwa jicho la mtu mwenye akili zake, na hapo ndipo alipoteleza. Vilikuwa viatu vya kiume, vyeusi, vizito. Soli zilikuwa zimelika mbele tu, penye vidole, ilhali visigino vilikuwa vipya kabisa. Hakuna binadamu anayetembea hivyo. Ndani vilikuwa na joto, na vilinuka ngozi iliyobabuka motoni. Lakini mshono ulikuwa wa baba yake, na baba yake alikuwa makaburini, nyuma ya kiwanda cha matofali, tangu mvua zilizopita. Machozi yakamlengalenga. Akajisemea kuwa labda ni mteja wa zamani mwenye ufunguo wa akiba. Akapaka uzi nta, akashona.

Sasa, baba yake alikuwa na kanuni moja ya kazi aliyomfundisha kabla hata hajamwonyesha kushika sindano: mshono wa kwanza ni kukubali kazi. Kabla ya hapo unaweza kumrudishia mtu kiatu chake kwa maneno matamu. Ukishatia sindano, kazi ni yako na mteja ni wako mpaka aridhike.

Huyu hakuridhika. Kila asubuhi viatu vilikuwa pale pale, soli zimelika upya. Siku alipogoma kushona, wateja wengine walifika mlangoni, wakakunja pua, wakageuza. Alipovitupa jalalani alivikuta mezani, ngozi ya moto hata haishikiki. Vidole vya binti vikaanza kupasuka.

Kisha mwenye viatu akamfuata nyumbani. Ilikuwa jioni, jua bado lipo, binti anakatakata vitunguu, na mwanawe wa kike anacheza chumba cha pili, aliposikia hatua nzito zikiingia sebuleni bila mlango kulia, zikapita nyuma ya mgongo wake karibu kiasi cha kumpulizia joto shingoni, na harufu ile ya ngozi iliyoungua ikamjaa puani, naye akataka kugeuka na shingo ikakataa, akataka kuita na ulimi ukawa mzito, akabaki amekishika kisu huku hatua zikielekea chumba cha mtoto, zikisimama, zikikaa kimya muda ambao kwake ulikuwa kama mwaka.

Mtoto akaja mwenyewe, anachechemea.

"Mama, yule mjomba wa viatu amenipima mguu."

"Amekwambia nini?"

"Kasema bado mdogo. Nikikua nitamshonea mimi."

Kwenye unyayo wake palikuwa na alama nyekundu ya uzi, imezunguka mguu mzima.

Kesho yake hakufungua duka. Alianza kuuliza habari za marehemu, jambo ambalo hakuwahi kuona haja yake, kwa kuwa nani asiyemjua baba yake? Msibani wote walisema alikuwa mtu wa watu. Fundi saa wa jirani alicheka, akasema Kisigino wa ujanani alikuwa fundi wa kubahatisha, viatu vyake vikifumuka kabla mteja hajafika kwake. Halafu ghafla mikono ikawa dhahabu. Shangazi yake alikumbuka kwamba tangu wakati huo kaka yake hakukubali mtu abaki naye dukani adhuhuri. Zaidi ya hapo hakujua, akamwelekeza kwa muuza ngozi, rafiki wa chanda na pete wa marehemu, ambaye binti alimwita baba mdogo tangu utotoni.

Mzee huyo alijizungusha kwanza, mara ngozi siku hizi ni ghali, mara magoti yanamsumbua. Alipoambiwa habari za mguu wa mtoto, akaacha. Akafunga dirisha.

Alisema kwa sauti ya chini kwamba adhuhuri moja alikuja mteja akitaka viatu vya kufichia miguu yake, na miguu yenyewe ilikuwa kwato. Kisigino akamchongea kalibu, ule mguu wa mbao ambao fundi huuvalisha ngozi anaposhona. Jini hilo likampa ufundi, naye akalitumikia maisha yake yote. Akifa, kazi inamwendea mwanawe, kisha mwana wa mwanawe.

"Hapakuwa na njia ya kuliondoa, baba mdogo?"

Ilikuwepo. Mganga mmoja alishasema Kisigino azikwe na ile kalibu, jini lishuke naye, kizazi chake kipone. Akakubali. Muuza ngozi ndiye aliyekabidhiwa kuiweka kaburini.

"Mbona hukuiweka?"

"Aliniita mwishoni. Akasema anaogopa kulala nalo gizani. Akasema, mwachie binti yangu, ana moyo mgumu."

"Na mwanangu? Alimfikiria?"

Mzee hakumtazama. "Alikuwa amempakata wakati ananiambia."

Binti alitoka pale bila kuaga. Alikuwa amemlilia mtu yule mpaka sauti ikakauka. Kila aliposifiwa mbele ya wateja kwamba mkono wake ni mkono wa baba, alivimba kichwa kwa furaha, kumbe mwenzake alikuwa anaandaa wa kumwachia mzigo. Ilimuuma kuliko kifo chenyewe.

Mganga huyo alikuwa hai bado, mama mmoja mkimya. Waliing'oa kalibu chini ya mbao za sakafu ya duka, pale muuza ngozi alipoiacha, na kwenda nayo makaburini. Sasa kazi ilikuwa ya binti, kwa hiyo ilipasa aizike kwa mkono wake mwenyewe. Binti akachimba kwenye kichwa cha kaburi. Alipoiweka shimoni, udongo ukapata joto, na sauti ikatoka chini, ile ile iliyombembeleza alipokuwa na homa.

"Mwanangu, usiniachie. Naogopa."

Mganga akamnong'oneza asijibu. Lakini akaliweka jembe chini. Alikuwa baba yake, na shimo lilikuwa jeusi, na yeye alikuwa na mwili mzima wenye afya, labda angeweza kushona miaka michache, labda ingepatikana njia nyingine. Akainama, akaishika kalibu aitoe.

Chini kule kitu kizito kikasogea. Sauti ya baba yake ikapanda, na sasa haikuwa inasema naye.

"Si mimi," ilisema. "Yuko mjukuu. Nyumbani. Mchukue yule."

Binti akaiachia kalibu. Akausukumia udongo wote shimoni kwa mikono miwili, akapanda juu ya kaburi, akaanza kuushindilia kwa miguu.