Spika Isiyo na Mwenzake

Siku ile ilianza kama siku zote. Mimi nilikuwa uani napepeta maharage, kaka yangu Anatory amekaa kwenye kigoda, spika kuukuu zimemzunguka, anazigusisha moja moja kwenye betri ya tochi. Hapa kwetu Mugoma, mpakani, yeye ndiye alikuwa fundi redio, na miaka ile ya wakimbizi kazi zilimjaa hadi mlangoni. Lakini alikuwa ameziweka kando redio zote za watu ili atengeneze spika ya kwaya ya kigango chetu. Nikamwambia atakufa maskini. Akacheka tu.

Alitaka spika isiyo na kasha. Ubao mtupu wenye matundu mawili, spika zimefungwa hapo, amplifaya imepachikwa mgongoni, betri ya gari chini. Nikamuuliza ni fundi gani huyo anayeacha waya nje kama utumbo wa kuku. Ee, ukimgusa hapo hamalizi! Akasema kasha linaifanya sauti ya mtu iwe kama anaongea ndani ya pipa, na sauti haitaki kufungiwa. Ubao ukiwa wazi, spika inasikika mbele na nyuma. Shida ni kwamba sauti ya nyuma huzunguka ubao ikaja kuiua ile ya mbele, besi ikapotea. Kwa hiyo huokoti spika yoyote tu. Za gari hazifai, zimezoea kukaa ndani ya kitu. Zinatakiwa zile pana za redio kubwa za zamani, zenye karatasi nyepesi, tena mbili zinazofanana, ukizigusisha betri zote zisukume nje kwa pamoja.

"Unaitafutia spika mwenzake," nikamwambia, "wewe mwenyewe mwenzako yuko wapi?"

Akatazama upande wa shamba, na nilijua anamtazama nani. Diane alikuwa Mrundi, alikuwa akitoka kambini asubuhi kuja kutulimia, na Jumapili anaimba kwenye kwaya yetu. Kaka alimpenda jamani, mpaka huruma. Alishamwomba wafunge ndoa, naye Diane hakukataa, aliomba tu asubiriwe. Mimi nilishaanza kumwita wifi. Ila alikuwa na ufunguo anauvaa shingoni kwa uzi mweusi, na huo hakutaka mtu auguse.

Spika ya kwanza ilitoka kwenye redio ya marehemu baba, nzima kabisa, inasukuma nje bila matata. Ya pili kaka aliipata soko la kambini, imechomolewa kwenye redio iliyovushwa mpaka. Kwa macho zilikuwa pacha. Akaigusisha betri, karatasi ikaingia ndani. Akageuza waya, maana ukigeuza lazima isukume nje. Ikaingia ndani tena. Akageuza na kugeuza mpaka akatoka jasho. Kila mara iliingia ndani, polepole, kama mtu anayevuta pumzi.

Nikamwambia aitupe. Mwenyewe alitaka kuitupa, lakini hakuwa na nyingine, akaifunga kwa muda aone inavyokaa. Ubao wenyewe ulikuwa mlango wa stoo ya baba, aliouchonga kwa mninga. Kaka alizing'oa bawaba, kitasa akakiacha, maana ufunguo wake ulipotea tangu tukiwa wadogo. Akausimamisha kwenye chumba chake cha kazi, ukakata kona moja ya chumba, nyuma yake pakabaki nafasi ndogo, na pembeni upenyo wa mtu kupita kwa ubavu. Akaweka kanda ya kwaya, akamwita Diane asimame nyuma asikilize kama kuna kitu kinachogongana.

Mbele niliposimama mimi, kwaya iliimba vizuri mno. Diane akatoka kule nyuma. Akauliza ni mtoto wa nani yuko kule. Tukamwambia hakuna mtoto. Akakaa chini, akashika ule ufunguo, ndipo akatusimulia.

Alikuwa na binti mdogo, Iteka. Siku vurugu zilipofika kijijini kwao, alikuwa amemwacha amelala, akafunga mlango kwa nje ili asizurure, akaenda kisimani. Risasi zikaanza kulia upande wa njia ya kurudi. Wenzake wakamburuta wakakimbia naye mpaka huku kwetu. Hajui nani alifika pale nyumbani baada yake. Hajui kama yupo aliyefungua.

Kaka akachukua bisibisi aitoe ile spika. Diane akamshika mkono.

"Usiitoe, Anatory. Ukiitoa, nitakuwa nimemfungia mara ya pili."

Na kaka, mapenzi yalivyompumbaza, akaiacha.

Tangu hapo Diane aliacha jembe. Akifika asubuhi anapitiliza kule nyuma, anakaa, amegusisha sikio kwenye karatasi, hata betri ikiwa imechomolewa. Chakula hali. Kwaya haendi. Mashavu yakaingia ndani. Nikamkalia kooni kaka, nikamwambia aking'oe kile kitu kabla hatujampoteza mtu. Akaniahidi kwamba Jumapili misa ikiisha ataitoa na kuivunja, Diane alie asilie.

Jumamosi ikanyesha mvua ile ya huku kwetu, inayogeuza mchana kuwa magharibi. Kaka alikuwa mbele ya ubao anachomelea waya, mgongo wake umeelekea mlango wa chumba. Nikapita kwa ubavu kumpelekea Diane uji. Nikamsihi anywe japo funda moja. Hakugeuka.

Nikataka kutoka. Upenyo haukunitosha. Nikajaribu kwa bega, nikajaribu kwa kichwa. Nilikuwa nimepitia hapo hapo na bakuli mkononi. Nikasukuma ubao, haukutikisika. Nikamwita kaka. Nilimsikia anakohoa upande wa pili, karibu kabisa, lakini hakuniitikia.

Waya wa betri ulikuwa umelala sakafuni. Nauona. Haujaunganishwa popote. Na ile karatasi ikaingia ndani. Ikabaki huko huko.

Kisha nikasikia. "Mama, nifungulie." Kwa Kirundi, ambacho sisi Wahangaza wa huku hatukihitajii mkalimani. Sauti ya mtoto aliyetoka usingizini, haina hata kilio.

Nikamshika Diane mkono. "Wifi, tutoke," nikanong'ona.

"Ameamka," akasema.

Akavua ufunguo shingoni. Akauingiza kwenye kitasa cha baba yangu. Ukaingia. Akauzungusha. Kitasa kikalia.

Bawaba zikalia pia. Bawaba ambazo hazipo. Upepo ukatoka, baridi, wenye harufu ya nyumba iliyofungwa muda mrefu, majivu na shuka la mtoto. Nikafumba macho. Nilimtaja Yezu, nikamtaja Maria, nikataja kila mtakatifu niliyemjua. Mkono wa Diane ukachomoka mkononi mwangu.

Nilipofumbua, kaka alikuwa ameuvuta ubao kwa mkono mmoja tu, mwepesi kama kawaida. Uji umemwagika. Nyuma yangu ukuta wa matofali, mzima. Akaniuliza Diane yuko wapi. Yeye alikuwa akiutazama ubao, ule mlango wa baba, muda wote, na haukufunguka. Hakuna aliyempita.

Tulimtafuta mashambani, tukamtafuta kambini. Wenzake wakasema labda amerudi kwao, wengi walikuwa wanarudi kimyakimya. Niliwaacha waseme. Mimi nilikuwa nyuma ya ule ubao nimemshika mkono.

Kaka alikaa siku nyingi bila kugusa kazi. Asubuhi moja nikamkuta kwenye kigoda chake uani, spika zote mbili mapajani. Akaigusisha betri ile ya baba, ile nzima, ambayo haijawahi kufanya ukaidi. Karatasi ikaingia ndani. Akageuza waya. Ikaingia ndani. Akazigusisha zote kwa pamoja, zikaingia ndani kwa pamoja, polepole.

"Zinafanana sasa," akaniambia. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye sumaku.

Akazirudisha kwenye ubao. Kwaya ilinunua spika yao mjini, ya kasha, inaongea kama pipa kweli. Kaka hajaoa mpaka leo, na mvi zimemjaa. Ufunguo wa Diane bado uko kwenye kitasa. Mvua ikinyesha anapita nyuma kwa ubavu, anauzungusha, nao unazunguka tu haukamati kitu. Mwaka jana nilichoka, nikabeba shoka na mafuta ya taa, nikamwambia tuuchome huu mlango nasi tupumzike.

Hakunigombeza. Alisimama tu mbele ya mlango akanyoosha mikono, mtu mzima na mvi zake.

"Tukiuchoma, Speciosa," akasema, "watatokea wapi?"