Kinaomba Kuingia

Ting.

Simu ililia watu wamelala, na Mama Kibibi akakasirika kabla hata hajafumbua macho. Fundi aliyewafungia intaneti alimwekea ulinzi kwenye simu: saa ya watoto kulala ikifika, tableti inakatwa, na kifaa chochote kigeni lazima kimwombe yeye ruhusa. Sasa kimoja kilikuwa kinaomba. Hakikuwa na jina.

"Baba Kibibi, umempa mtoto simu gani tena?"

"Simu yangu hii hapa chini ya mto. Lala, bwana."

"Nilale vipi? Nyumba hii mimi ndiye askari, wewe mgeni rasmi."

Mume akavuta shuka mpaka masikioni. Binti yao wa pekee, darasa la pili, alishanyang'anywa tableti kwa kutazama mambo ya kutisha, na baba mtu ndiye aliyemrudishia kimyakimya.

Wewe ungekataa, yakaisha. Yeye hapana, alitaka ushahidi. Fundi alisema kifaa ukikiruhusu, kila kinachotafutwa unakiona; basi akabonyeza Ruhusu, roho ikimfukuta, apate la kumwonyesha mumewe asubuhi.

Maneno yakaanza kupanda kwenye kioo, moja baada ya jingine. Mama anavyobembeleza. Mama anavyocheka. Mama akikasirika anakuwaje.

Hapo ndipo harufu ya nywele zilizoungua ilipomfikia. Akabonyeza Zuia mpaka kidole kikamuuma, akakimbilia sebuleni akang'oa waya wa ruta ukutani, na taa zake zikaendelea kupepesa kijani kama hazikuhitaji umeme wa mtu, na nyuma ya mlango wa Kibibi mtu alikuwa akiimba taratibu, kwa sauti yenye ukwaruzo wa mafua ya juzi, akirukia ubeti wa pili palepale ambapo Mama Kibibi husahau maneno kila siku, sauti yake mwenyewe, naye mdomo kaufumba.

"Toka kwa mwanangu," akasema, meno yameumana, akaupiga mlango teke.

Kibibi alikuwa amejikunyata kitandani. Alimtazama mama yake kama mtu anavyomtazama mbwa aliyekata kamba.

"Ndiye huyu," akanong'ona akigeukia kabati. "Ulisema atakuja amekasirika, na sura kama yako."

"Kibibi, mama yako ni mimi. Njoo hapa. Nimesema njoo!"

Kila alivyopandisha sauti, mtoto alizidi kujivuta nyuma, kuelekea kona ya giza kando ya kabati, ambako mkono ulitoka ukamshika bega kwa upole, mkono wenye pete ya ndoa kama yake, na alama ya kuungua na pasi kama yake.

"Hata baba hutamwambia kwamba usiku huu tulikuwa wawili?" sauti ikauliza kutoka konani, bila haraka, bila hasira hata kidogo.

Kibibi akaiegemea.

"Hata baba. Sitamwambia mtu mwingine, mama. Naahidi."