Bibi Mektrida Aliita

Denis alishtuka kusikia ng'ombe akilia ndani ya gemu. Ilikuwa gemu ya vita, ya bunduki na vifaru. Alizima simu. Ng'ombe akaendelea kulia kwenye hedifoni.

Juzi tu walikuwa wamemzika bibi yake, Mektrida, katikati ya migomba ya kihamba chao, shamba la ukoo, Marangu. Hilda, mama yake Denis, alikuwa akifanya biashara ya maharage Tarakea, na alimwachia mwanawe kazi ya kumtunza bibi. Mchana mmoja Mektrida alianguka zizini. Denis alikuwa chumbani, hedifoni masikioni, anacheza. Njaa ilipomtoa nje alimkuta bibi amekwishapoa, kucha zimejaa udongo kwa kujivuta kuelekea mlangoni. Aliwaambia watu kwamba alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe.

Sasa harufu ya samadi mbichi ilijaa chumbani mchana kweupe. Alimpa rafiki yake Melkior hedifoni ajaribu. Melkior akasikia risasi tu, akamcheka. Denis akazitupa motoni. Haikusaidia, maana sauti ilimfuata bila waya, bombani, kanisani, mezani, kwanza pumzi nzito, kisha kucha zikikwaruza ardhi, kisha ile sauti iliyombembeleza utotoni, sasa kavu na yenye hasira, ikirudia bila kuchoka, "Denis, niinue. Denis, niinue."

Hilda aliporudi alimkuta mwanawe amejiziba masikio kwa pamba iliyolowa damu. Denis akamweleza yote. Hilda hakumpiga. Alimwita Filemon, baba yake mkubwa Denis, mtoto wa kwanza wa marehemu. Filemon alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuchuma jani la isale, lile wanaloombea msamaha, akamkabidhi Denis bila kumtazama.

"Mwambie mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi siwezi kukuombea."

Denis akapiga magoti kaburini na jani lake mkononi, Hilda na Filemon wamesimama nyuma yake.

"Shikamoo bibi. Nilikuwa ndani. Nilidanganya. Nisamehe."

Harufu ya samadi ikapanda hadi ikamkaba koo. Kisha, karibu kabisa na sikio lake, Mektrida akasema, "Sasa umenisikia. Inatosha."

Kimya. Denis akatabasamu, akageuka kumwambia mama yake kwamba bibi amenyamaza. Akaona midomo ya Hilda ikimwita, ikimwita tena. Filemon akampigia makofi mbele ya uso. Juu yao upepo ulikuwa ukiyapigapiga majani ya migomba, na Denis akayakodolea macho, akisubiri yatoe sauti.