Kuku wa Shangazi Azara

Shangazi Azara alikuwa hapati usingizi, na mwili ulimwasha. Mimi nilikaa naye kwa mwanawe Fuseini, karibu na mji wa Yendi. Kila jioni nilimpelekea ugali wa tuo zaafi na mchuzi wa bamia, kisha vidonge. Mchuuzi wa sokoni alinipimia vya usingizi na vya muwasho, vyote kwenye mfuko mmoja. Nilijiona mpwa mwema.

Wiki ya pili akaanza kunyofoa wadudu hewani. Aliwatia mdomoni. Akatafuna. Wadudu hawakuwepo, ila mate yenye rangi ya kokwa za kola alizozoea kutafuna yalimchuruzika kidevuni.

"Nani huyo nyuma yako?" akaninong'oneza.

Sikugeuka. Nikamwongezea kidonge.

Mtoto wa Fuseini akashikwa na homa. Fuseini akasema kamwota mama yake anamla mtoto. Tukampeleka shangazi kwa mwenye tambiko. Kuku akakatwa koo, akarushwa. Akifa chali, mtuhumiwa ni safi. Akifa kifudifudi, ni mchawi.

Kuku alirukaruka, akatulia. Kifudifudi.

Ili kumtoa uchawi, wakamnywesha damu ya kuku iliyokorogwa na udongo. Akatapika. Wakayakinga matapishi kwa bakuli, wakamnywesha tena. Aliyemshika taya ni mwanawe wa kumzaa. Kinyaa kile hakijanitoka hadi leo.

Wakampeleka kwenye kambi wanakotupwa wanawake wanaoitwa wachawi. Huko hakuna aliyempa vidonge. Siku ya kumi nilimkuta anachambua karanga, akili timamu.

"Wumpini mwanangu, mbona umekonda? Narudi lini nyumbani?"

Nilipomsimulia ya wadudu, muuguzi wa pale akauchungulia mfuko wangu wa vidonge. "Hivi vyote kwa bibi wa miaka themanini? Dada, vinavuruga akili ya mzee. Wadudu aliokuwa akiwaona walitoka humu."

Nilirudi mbio kwa Fuseini. "Kaka, ni dawa, na mimi ndiye niliyempa. Mrudishe mama."

"Kuku hadanganyi," akasema taratibu. "Na wewe acha kujitia udaktari. Au keshakugawia uchawi wake?"

Alfajiri niliamshwa na ukimya. Hakuna jogoo aliyewika. Uani, kuku wote wa Fuseini walikuwa wamekufa. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na alama ya jino. Wote chali, vifua juu.

Fuseini alisimama mlangoni, akatazama sana. Kisha akainama, akawageuza mmoja mmoja, kifudifudi, akijifutia mikono kwenye kanzu.

Alipomaliza, akaita majirani waje waone.