Mtu wa Saa Saba

Mkewe alipomwambia, "Leo umekula vizuri," Jean alidhani anamtania. Tangu alfajiri alikuwa ufukweni Bangwe akianika dagaa wa watu, na hakuwa ametia kitu mdomoni.

Jina lake kamili ni Jean Wilondja Mmunga. Kule Baraka, ng'ambo ya ziwa, alikuwa mwalimu mkuu mpaka vita vilipomfukuza. Hapa fahari yake iliyobaki ilikuwa moja: hakuna aliyewahi kumsikia akisema ana njaa. Kila siku alimwambia mkewe, Marcelina, kwamba amekula kazini, ili fungu lake liende kwa binti yao, Recho.

"Nimekula saa ngapi?"

"Saa saba, Baba Recho! Umeingia na samaki wawili, migebuka minono, hata salamu hukutoa. Tazama matope yako."

Matope yalikuwapo mpaka jikoni, meusi, yakinuka kilindi cha ziwa. Jean alichungulia chumbani. Recho alikuwa amelala, ameshiba.

Yule mtu wa saa saba, mwenye sura ya Jean, alirudi kesho yake, na kila siku. Jean alizidi kukonda. Majirani walianza kumpita bila kumwamkia, kana kwamba hawamjui. Mwishowe alikwenda Ujiji kwa mganga, Mzee Elikana, akamsimulia kwa kunong'ona.

"Jini la ziwani," mzee alisema. "Limekalia nafasi uliyoiacha wazi. Nenda kwako saa saba, simama mlangoni, useme: 'Nina njaa, nipeni chakula changu.' Litatoka."

"Mbele ya mtoto?"

"Mbele ya mtoto, Mwalimu. Kwani wewe huna tumbo?"

Kesho yake alipanda kilima kwenda kwake akipumzika kila hatua chache, na harufu ya matope ikamlaki kabla hajaiona nyumba, kisha akasikia kikohozi chake mwenyewe kikitoka ndani, halafu sauti yake mwenyewe ikimfundisha Recho kuhesabu kwa Kifaransa, taratibu, bila uchovu, na mtoto akicheka kicheko ambacho Jean hakuwa amekisikia tangu wavuke ziwa.

Alisimama mlangoni. Recho akageuka. Mashavu yake yalikuwa yamejaa.

"Shikamoo, babu. Unamtafuta papa yangu? Anakula."

Nyuma yake, mgongo mpana ndani ya shati la Jean ulikuwa ukichuruzika maji. Haukugeuka.

Jean alifumbua mdomo. Alimtazama mtoto, akaitazama sahani ya samaki iliyokuwa mbele ya Recho.

"Marahaba," alisema. "Nimekosea nyumba."