Duara la Kumi na Moja

Mwalimu Gatimu alikutwa kifudifudi kwenye sakafu ya maabara, miwani imepondeka chini ya shavu, damu imeganda kisogoni. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi. Kando yake ilikuwa imeanguka stendi ya chuma yenye damu na nywele.

Inspekta Wathome alikuwa ameona maiti nyingi tangu ahamishiwe Machakos mwaka 1999, lakini hii ilimtoa jasho. Nani wa kumuua mwalimu wa kemia? Mtu ambaye mbuzi wa jirani akila mahindi yake humsindikiza hadi kwao, tena kwa upole!

"Nani alimpata?"

"Ni mimi, afande." Kalunde, msaidizi wa maabara, alisogea mbele. Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu amzike Mbithi, mwanawe wa miaka minne. Hospitalini walisema malaria. Kijijini walinong'ona uchawi.

"Alikuwa na adui?"

"Hapana. Alikuwa anatafuta kitu kinaua watoto wetu. Alisema huenda kuna risasi kwa maji, yale madini yako kwa betri za gari."

"Aliyapimaje?"

Kalunde alimwonyesha mrija mwembamba wa plastiki, waya upande mmoja, tope jeusi upande wa pili. "Hii ni elektrodi. Tunakanda unga wa kaboni na mafuta ya parafini, halafu tunaongeza udongo kidogo wa mfinyanzi ndio ushike risasi. Ukiichovya kwa maji, kalamu ya mashine inachora mlima. Risasi ikiwa nyingi, mlima unapanda."

"Na haya maduara?" Mezani palikuwa na karatasi yenye alama nyeusi za mviringo.

"Kabla ya kupima, unasukuma tope kidogo, unasugua ncha kwa karatasi mpaka ing'ae. Chupa moja, duara moja. Kila siku karatasi mpya. Mwalimu hakuwahi kuruka."

Wathome alihesabu maduara. Kumi na moja. Akafungua daftari: majibu kumi. Rafuni: chupa kumi. Ukurasa uliofuata ulikuwa umenyofolewa.

Aliinama. Elektrodi ya jana ilikuwa chini ya meza, imebanwa hadi tope likafurika nje. Aliyeibana hivyo hakukosa kuchafuka.

"Hili tope linatoka mkononi?"

"Wee! Hata sabuni ya kipande inashindwa."

"Maji gani ya hapa hayajapimwa?"

Kalunde alifikiri. "Mito imepimwa, visima vimepimwa. Limebaki tangi la mwethya, kile kikundi cha akina mama. Lakini hayo ni ya mvua, afande. Mama yangu ndiye mwenyekiti. Alimwambia mwalimu atamletea chupa ajionee maji masafi."

Alisema hivyo bila kujua alichokisema. Wathome alikijua, akamwambia ampeleke kwa mama yake.

Walimkuta mama huyo, Kamanthe, ameketi mlangoni, mikono ameificha ndani ya leso. Mwanamke huyo ndiye aliyewaongoza wenzake kubeba mawe mgongoni mpaka tangi likasimama. Leo bomba la tangi lilikuwa limefungwa kwa kamba.

"Bomba limeharibika," alisema kabla hajaulizwa.

"Mwaitu, mama yangu, wamemuua mwalimu," Kalunde alilia. Akachota maji kwenye mtungi, akapeleka kikombe mdomoni.

"Usinywe!"

Kamanthe aliruka, akakipiga kikombe kikaruka ukutani. Leso ilianguka. Vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi kwenye mikunjo ya viganja.

Lilikuwa lile tope la elektrodi.

"Mama, hayo maji yako na nini?" Wathome aliuliza taratibu.

"Iko na risasi." Akakaa chini. "Mwaka jana tangi lilipasuka. Mjenzi wa daraja akanipa rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Nikaipaka ndani mimi mwenyewe, nikiimba. Nilijua nimewaokoa watu."

"Na jana?"

"Nilipeleka chupa kwa kujidai. Kalamu ikapanda, ikapanda, Ngai wakwa, ikatoka nje ya karatasi! Nikamuuliza, basi Mbithi? Akasema ile rangi ina risasi. Nikajua ni mimi."

"Akasemaje?"

"Atatangaza kanisani Jumapili. Nikamwomba nifunge bomba, nitoboe tangi, asitaje rangi. Akakataa. Alisema watoto wengine wameshakunywa, daktari lazima ajue anatibu nini." Alishika kichwa kwa mikono ile myeusi. "Nikampokonya ile kitu ya tope, ikaanguka. Alipoinama kuitafuta, nikachukua chuma. Ningemwambia nini huyu? Nilimnywesha mtoto wake kwa mkono wangu!"

Wathome alitoa pingu. Mwalimu alikuwa amekufa akiwa sahihi.

Kalunde hakulia tena. Alimtazama mama yake.

"Kwa Mbithi ningekusamehe, mwaitu. Hukujua. Kwa mwalimu, ulijua."

Kamanthe alinyoosha mikono, pingu zikafungwa. Kalunde hakumtazama akiondoka. Alichukua chupa tupu, akaichovya mtungini, akaifunga kizibo.

"Afande, nipe ruhusa nirudi maabara," alisema. "Daktari atataka kuona mlima kwenye karatasi. Nitapima mimi."