Kidato cha Kumi na Nane

Nyumba ya Umm Nasser, kule Abu Hamour, mtaa wa Doha, ilikuwa na vidato kumi na saba vya ngazi, na Saada hakuhitaji kusoma ili alijue hilo. Alivijua kwa magoti. Kila asubuhi alianzia juu na ndoo na tambara, akashuka kinyumenyume, akihesabu ili usingizi usimwibe. Asubuhi ya pili baada ya kurudi kutoka Ufaransa, tambara lilifuta kumi na nane.

Akapanda, akahesabu tena. Kumi na nane. Na kile cha juu kabisa hakikuwa marumaru. Kilikuwa jiwe la kijivu, baridi kama tumbo la samaki, limelika katikati kwa nyayo za watu wengi. Huko nje jua la Agosti lilikuwa likikaanga magari, na jiwe lile lilitoka jasho. Lilinuka mavi ya njiwa na nta ya mishumaa.

Saada akalifuta. Afanye nini? Kazi ya watu haina nafasi ya kushangaa. Ila moyo ulimlipuka, maana jiwe lile alikwisha kulikanyaga.

Wiki mbili nyuma familia ilikwenda Ufaransa kukimbia joto, na Saada akachukuliwa kama mkoba unavyochukuliwa. Walifika mji mmoja wa kando ya mto wenye mnara wa kengele wa miaka mia sita, na Umm Nasser akataka picha za mapaa. Mnara haukuwa na lifti. Nasser, mtoto wa miaka mitatu, mzito kama gunia la mchele, aligoma kwenye kidato cha kumi. Akapandishwa mgongoni mwa Saada vidato mia tatu na ushei, huku mama yake akitangulia, viatu vya visigino mkono huu, simu mkono huu.

Juu kule palipendeza, asiseme mtu uongo. Mapaa mekundu kama pilipili zilizoanikwa, mto umejikunja, watu sokoni kama sisimizi. Mkata tiketi, mzee wa Kimoroko ajuaye Kiarabu, aliwaambia kengele ile haijapigwa tangu mpigaji wake wa mwisho alipoanguka dirishani. Hakupatikana mwingine. Umm Nasser hakusikia. Alikuwa akitafuta mwanga utakaompendezesha. Saada ndiye aliyesikia, amesimama chini ya kinywa cha kengele, anahema.

Ndipo alipoitwa. "Saada." Mara moja tu, taratibu, kutoka ndani ya ile shaba.

"Abee," akaitika.

Kwao Pangani binti aliyelelewa haitwi mara mbili. Abee ikichelewa, kofi huwahi. Na miaka minne ya Doha ilikuwa imemnoa zaidi. Ulimi ukatoka mbio kabla ya akili. Kugeuka, hakuna mtu. Umm Nasser alikuwa upande wa pili, anajipiga picha.

Basi ndiyo hiyo abee. Ilivuka bahari pamoja naye.

Siku ya nne vidato vilifika ishirini na kimoja. Wengine hawakuviona. Umm Nasser alipanda akiongea na simu, akafika juu anatweta, akakilaumu kiyoyozi. Siku ya sita Saada akamkuta Nasser ameketi kwenye jiwe la juu, uso kwenye dari, mikono yake midogo inapanda na kushuka kama ya mtu avutaye kamba ya kisima. Kila akivuta, vioo vya taa ya sebuleni viligongana na kulia, ting.

"Nani kakufundisha mchezo huo, baba?"

"Babu."

"Babu gani?"

Mtoto akaonyesha juu.

Saada akamnyanyua. Viganja vya mtoto vilikuwa vyekundu, vimechunika.

Amwambie nani? Nyumba ya pili kutoka pale, mtumishi mmoja alikutwa na hirizi aliyovishwa na mamake, wakasema karoga, gari likaja likamchukua, na nguo zake zikabaki kambani wiki nzima zikipauka. Mtumishi akisema nyumbani mna jini, swali la kwanza ni nani kalileta. Na hili Saada alikuwa amelileta kweli. Akinyamaza, mtoto anakwenda. Akisema, anakwenda yeye, na mtoto anakwenda vilevile.

Aliyebaki ni Bakari, dereva wa nyumba, mtu wa Unguja, mwenye mdomo usiofungwa hata kwa kufuli. Huyu alikuwa na mzaha wake mmoja asiouchoka. Nasser, kwa kushinda kiunoni kwa Saada, alijifunza adabu za Saada, mama akiita "Saada!" mtoto huitika kabla ya mwenye jina, "Abee!" na Bakari hucheka mpaka aegemee gari.

"Dada Saada, mtoto wa kiume anaitika abee kama mwari wa ndani. Mfundishe naam kabla baba yake hajakufukuza."

"Nitamfundisha," husema Saada, naye hakumfundisha. Ilimpendeza. Katika nchi ile ya watu, kitu pekee kilichofanana naye ni ile abee.

Safari hii alipomsimulia, Bakari hakucheka. Alimfungulia mlango wa gari, akadai wanakwenda kuchukua nguo za dobi, akampeleka mtaa wa Najma kwa Bi Shani, mwanamke mtu mzima aliyekaa Doha tangu barabara nyingine hazijatiwa lami, anayekaanga maandazi nyuma ya duka la kutengeneza simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umenuka njiwa tangu mlangoni. Kaa." Bi Shani hakuacha kugeuza maandazi. "Uliitwa mara ngapi?"

"Moja."

"Ukaitika ya kwanza. Mahali usipopajua, mwanangu, mtu anakuita mpaka mara tatu, kwa kuwa ana shida na wewe. Kisichokuwa mtu huita mara moja, hungoja. Mamako hakukwambia?"

"Aliniambia nisichelewe."

"Basi alikulea kwa nyumba za watu, hakukulea kwa nafsi yako." Akaepua. "Linatafuta wa kulipigia kengele. Wewe mkubwa, mzito, litaanza na mwepesi. Sikiliza. Siku tatu, jua la utosi, litakuita kwa jina lako. Usiitike. Lisipoitikiwa siku tatu, hurudi kwake. Na humo ndani asiitike mtu mwingine jina hilo."

"Nani aitike jina langu, bibi?"

"Mimi najua? Nyumba si yangu."

Siku ya kwanza lilimwita adhuhuri kwa sauti ya Umm Nasser, kwa ukali, kutoka juu. Saada akauma kanga. Baadaye akagundua Umm Nasser hakuwepo nyumbani. Siku ya pili lilimwita kwa sauti ya mama yake, marehemu, vile vile alivyokuwa akimwita akachague mchele, na Saada akakaa sakafuni jikoni akilia bila mlio, ngumi mdomoni.

Siku ya tatu alimchukua Nasser chumbani kwake, kile chumba cha kando ya jiko, akafunga kwa ufunguo, akampakata mpaka akalala. Nyumba nzima ilikuwa imelala. Kiyoyozi kikazimika chenyewe. Harufu ya nta ikaingia chini ya mlango, na nyuma yake nyayo zikaanza kushuka ngazi, polepole, za mtu mzee, na Saada hakutaka kuhesabu lakini miaka minne ya tambara na ndoo ilihesabu badala yake, kumi na saba, ishirini na moja, hamsini, mia, mia mbili, ngazi gani hii isiyo na mwisho ndani ya nyumba ya ghorofa moja, mpaka mia tatu na ushei, na zikasimama mlangoni.

"Saada."

Ilikuwa sauti ya Nasser, na Nasser alikuwa mapajani mwake, mdomo umefungwa.

Saada alinyamaza. Alinyamaza mpaka masikio yakavuma. Nyayo zikageuka, zikaanza kupanda, moja, mbili, tatu, na machozi ya nafuu yakamtoka. Ndipo lile jambo likatupa neno nyuma ya bega, kwa sauti iliyochoka, kama mzee anayejaribu mara ya mwisho kabla hajaenda zake.

"Saada."

Na mapajani pake, mtoto mwenye adabu akafumbua macho.

"Abee."

Alimziba mdomo, akaziba hewa. Mapaja yalikuwa na joto la mtoto na mtoto hayupo, mlango uko wazi na ufunguo bado ameushika, na Saada akapanda, akapanda vidato vya jiwe vyembamba vilivyojizungusha mahali palipokuwa na ngazi za marumaru, viganja ukutani, magoti yakigonga, akimwomba Mungu na kumtukana mama yake kwa pumzi moja, mpaka akatokea juu ya paa, kwenye jua jeupe la Abu Hamour, kati ya tangi la maji na madishi ya televisheni. Nasser alikuwa amesimama juu ya ukuta wa ukingo, amempa mgongo, mikono juu, akivuta kamba isiyoonekana, na kila akivuta tangi lilitoa mlio wa kengele na visigino vyake vikanyanyuka kutoka ukutani, safari hii zaidi kuliko ile.

Kati yao kulikuwa na hatua kumi. Miguu ya Saada ilikwisha. Kilichobaki ni mdomo.

"Abee," akasema.

Tangi likanyamaza.

"Abee. Saada ni mimi. Huyo si mpigaji, huyo ni mtoto, hata naam haijui. Mimi nina mikono ya kazi. Muache."

Kamba, kama ilikuwepo, ililegea. Nasser akaanguka, akaangukia ndani.

Umm Nasser alimkuta mtumishi wake paani saa saba mchana, kamkumbatia mwanawe kando ya ukingo. Hakuuliza. Alimpiga kofi, na siku ya pili Saada alikuwa uwanja wa ndege. Bakari alimsindikiza kimya, yeye Bakari, na alipomshushia begi alimwambia jambo moja tu:

"Nimezihesabu asubuhi, dada. Kumi na saba."

"Na mtoto?"

"Kaamka, kaomba mkate."

Saada akashika begi. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge.

Yuko Pangani sasa, nyumba ya chini isiyo na ngazi hata moja. Anachoma vitumbua, anagombana na jirani, hana tofauti na mtu. Ila jua likisimama utosini, majirani hawamwiti kwa jina. Hubisha mlango, wakangoja. Maana ukimwita saa hizo, abee huja mbili, moja jikoni na moja juu ya bati.

Ya juu ndiyo hutangulia.